Nirudishie Taateraaq

Kangerlunnguaq, 9 Novemba 2004

Mume wangu mdogo, Aqqalu,

Salamu utazipata mwisho wa barua, ukizistahili. Umepewa jina la marehemu babu yako, kwa hiyo mume wangu ni wewe, na mke ana haki ya kumpa mumewe amri. Basi kaa chini.

Meli ya mwisho inaondoka kesho, kabla ghuba haijafungwa na barafu. Nimempakia Taateraaq. Nimemfunga mwenyewe kwenye sitaha, upande usio na upepo, na nimemwambia yule mpishi mnene, Filemon, kwamba akimpa mbwa wangu mabaki ya soseji nitamfuata mpaka Sisimiut nimkate masikio. Amecheka. Mwambie sikuwa natania.

Nakuazima. Litazame vizuri neno hilo. Umelia kwenye simu ya dukani, kijiji kizima kimetega masikio, ati mbwa wako wanakimbia kama wazee wanaokwenda kanisani, ati hawana kiongozi, ati mashindano ya Machi utaaibika. Nimekuonea huruma, na huruma yangu haitoki mara mbili.

Huyu nimemlea nyuma ya jiko langu tangu mama yake alipomkataa. Amenyonya kidole changu nilichochovya kwenye mafuta ya sili. Anajua barafu nyembamba kwa nyayo kabla wewe hujaiona kwa macho. Akisimama, simama. Ukimchapa mjeledi kwa sababu amesimama, utazama, na mazishini sitakuja.

Mkanda wake wa kuvutia sleji nimeushona kwa ngozi ya sili. Usimvalishe mwingine. Kazi ikiisha mvue, kila siku, hata kama vidole vimekufa ganzi, maana hakuna mbwa asiyekula mkanda wake ukimwachia. Mpe samaki na nyama ya sili yenye mafuta, si vile vidonge vya gunia vinavyonuka sabuni.

Juni, meli ya kwanza, arudi. Nataka azae na dume langu Kunuk kabla yule mzee hajaishiwa nguvu. Damu ya mbwa hawa nimeilinda maisha yangu yote na sitaki iishie mikononi mwa kijana anayesahau kofia yake kila anapokwenda.

Sikusoma shule. Herufi hizi alinifundisha babu yako kwa kitabu cha nyimbo za kanisani. Usicheke mwandiko.

Salamu, basi. Chukua.

Bibi yako,
Eqilana


Sisimiut, 4 Desemba 2004

Bibi yangu, mke wangu mkali,

Amefika! Tumbo limejaa soseji. Filemon amenisihi nisikuambie.

Siku ya kwanza alisimama tu katikati ya mbwa wangu, mkia umekunjwa juu ya mgongo, akawatazama mmoja mmoja kama wewe unavyowatazama watu wanaoingia ndani na viatu. Dume langu kubwa, Nanoq, akaja kifua mbele. Sikuona vizuri kilichotokea. Niliona manyoya yanaruka, kisha Nanoq yuko chini, tumbo juu, anaangalia mawingu. Tangu hapo anamwachia samaki wa kwanza.

Jana nimewafunga wote, tukapanda mpaka ziwa la nyuma ya mlima. Bibi, unaijua ile saa mbwa wanapoacha kubweka, kamba zimekaza, wametawanyika mbele yako kama vidole vya mkono, husikii kitu ila pumzi zao na sleji inavyokwaruza theluji? Nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Kutwa nachomelea vyuma pale karakana, macho yananiwasha, mdomo una ladha ya kutu. Nikifika kwa mbwa ni kama nimeogeshwa upya. Taateraaq akigeuza sikio tu, wote wanageuka. Sijawahi kuendesha kitu kama hicho. Usiku naota miguu yao.

Jambo moja dogo. Wenzangu wananicheka kwa mkanda wa ngozi. Wao wanatumia wa nailoni, mwekundu, mwepesi kama utepe. Gerth ameniuliza kama nimeuiba makumbusho. Lakini usiwe na wasiwasi.

Mumeo mdogo,
Aqqalu


Kangerlunnguaq, 22 Januari 2005

Aqqalu,

Mtu akiniambia nisiwe na wasiwasi, hapo ndipo natafuta viatu vyangu.

Mwambie huyo Gerth kwamba mkanda wa ngozi ya sili mbwa akiula unayeyuka tumboni, analala, kesho anavuta. Akila nailoni haiyeyuki. Inakaa. Sasa acheke. Na wewe unayechekwa halafu unaniandikia mimi, umeshindwa nini kumjibu huko huko? Babu yako alichekwa miaka mingi kwa sababu alikuwa na kigugumizi. Waliomcheka walikuwa nyuma yake, sleji yake imewaacha mbali, na hakuwa na haja ya kusema kitu.

Huku jua lililozama Novemba halijarudi. Zakarias, yule mtu wa manispaa wa mbwa, wiki iliyopita amempiga risasi mbwa wa Enok aliyekata mnyororo akazurura karibu na nyumba za watoto. Enok amekaa nyumbani kwake analia. Nikamwambia, "Enok, sheria tunayo wote, na minyororo tunayo wote, wako ulikuwa umeliwa na kutu." Kisha nikampelekea supu, nikakaa naye mpaka akamaliza bakuli. Watu wanasema mimi ni mkali. Waseme. Bakuli nimerudi nalo tupu.

Kunuk anatazama baharini kila asubuhi. Usiniambie mbwa hajui.

Eqilana


Sisimiut, 31 Machi 2005

Bibi,

Wa tatu! Wa tatu kati ya wote, na wawili walionishinda ni wale ndugu ambao wamezaliwa kwenye sleji! Nadhani redioni umesikia. Kwenye kona ya ziwa, watu watano walikuwa mbele yangu wamekata moja kwa moja. Taateraaq akakataa. Akazunguka kushoto, karibu na mawe, nami nikamwachia kama ulivyoniambia. Waliokata moja kwa moja wakatumbukia kwenye majimaji mpaka magotini, sleji zikaganda. Sisi tukapita kavu. Watu walikuwa wanapiga kelele, akina mama wanatupa kofia juu, meneja wa karakana amenikumbatia mbele ya kila mtu, na kombe lina picha ya mbwa ambaye kwa kweli anafanana na kondoo, lakini ni kombe.

Walinibeba juu juu mpaka nyumbani kwa meneja, kahawa, keki za kila rangi, nyama ya nyangumi, kila mtu anataka nisimulie ile kona. Nimeisimulia mpaka sauti imekauka.

Taateraaq amechoka kidogo. Anapumzika.

Mumeo,
Aqqalu


Kangerlunnguaq, 16 Aprili 2005

Aqqalu,

Umeandika habari za keki kuliko habari za mbwa wangu.

Redio nilisikiliza. Nilipiga meza mpaka kikombe kikaanguka. Nililia, kama unataka kujua. Halafu barua yako ikaja na helikopta, nikaisoma, nikaisoma tena, nikaona umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Amechoka kidogo." Mbwa wangu ametoka hapa mpaka barafu ya nje na kurudi, usiku kucha, na sili wawili juu ya sleji, na asubuhi ameruka ukuta kunisalimia. Hachoki kidogo. Huyo unayemsema ni mbwa gani?

Kisha jana gazeti limefika dukani, na wewe uko ukurasa wa mbele na meno yote thelathini na mbili nje. Nimeomba miwani ya mwenye duka. Nikamtafuta Taateraaq. Nikamwona. Na kifuani mwake ana nini? Hata gazeti lisingekuwa la rangi ningejua. Utepe! Mwekundu! Mkanda wangu, niliokaa nao siku ngapi nikitafuna ngozi kwa meno haya machache niliyobaki nayo ili ulainike, umeuweka wapi? Umeutundika ukutani? Umempa Gerth akaupeleke makumbusho?

Mwenye duka ameniambia, "Bibi, kaa, utaanguka." Nimemwambia aangalie makopo yake.

Sasa nataka maneno machache na yawe ya kweli. Mbwa wangu yuko wapi, na anakula nini. Usiniandikie kingine chochote.

Eqilana


Sisimiut, 27 Aprili 2005

Bibi,

Yuko Nuuk.

Nimeandika neno hilo nikasimama, nikatembea chumbani, nikarudi. Yuko Nuuk, kwa mama. Yu hai.

Jioni ile ya mashindano waliponibeba, sikuwavua mbwa mikanda. Nilisema naingia mara moja, ninywe kikombe kimoja, nitoke. Nilitoka asubuhi. Mbwa wengine walikuwa wameguguna kidogo tu. Wa Taateraaq, ule wa nailoni, ulikuwa umeliwa. Nikajiambia atautoa, wote huutoa. Akakataa samaki. Siku ya tatu akawa anatapika povu, tumbo gumu kama ubao. Daktari wa mbwa wa hapa alikuwa amesafiri kaskazini kuchanja. Gerth alikuja akamgusa tumbo, akanitazama, akasema, "Mpige, ndugu yangu. Usimtese." Na yeye ndiye aliyeniletea bunduki, hakuwa anacheka tena.

Nilimpeleka juu ya sleji mpaka nyuma ya miamba. Alikuwa hawezi kusimama. Aliponiona nimeinua bunduki akajikokota, akaja kuelekeza pua yake kule inakotazama sleji. Alidhani tunaondoka, Bibi. Alikuwa anangoja nimwambie twende.

Nikamfunga kwenye blanketi. Mwenye boti mmoja alikuwa anakwenda Nuuk. Nikaingia naye.

Nilikuwa naujua mstari wa sheria ya mbwa, na Nuuk iko kusini yake. Mtoto gani wa kwetu asiyeujua? Mbwa akishavuka kwenda kusini harudi tena kaskazini, hata awe mbwa wa nani. Nilijua tulipoupita. Niliweka uso wangu kwenye blanketi ili nisione milima.

Daktari wa Nuuk alimpasua, akatoa kipande cha nailoni urefu wa mkono wangu. Alinionyesha. Kilikuwa bado chekundu.

Nilidanganya kwa sababu niliogopa. Mkanda wako ninao. Kombe nimelitupa baharini.

Aqqalu


Nuuk, 5 Mei 2005

Mama,

Aqqalu amekuambia, kwa hiyo sasa naweza kuandika. Nilimwambia tangu siku ya kwanza akuambie. Hakusikia, ana kichwa cha upande wako.

Mbwa wako anakula. Mshono umekauka, manyoya ya tumboni yanaanza kuota. Hataki kulala ndani. Nimemtandikia zulia karibu na mlango akalitazama kama tusi. Analala kibarazani, ghorofa ya tatu, juu ya theluji, na theluji ikiisha analala juu ya saruji. Kila jioni saa mnayolisha mbwa huko kwenu anaanza kulia. Jirani wa chini amegonga mlango, mwanamke mwenye adabu sana, kaniuliza kama kuna mtu amefariki.

Nimemtembeza barabarani kwa kamba. Hajui kutembea na mtu, Mama. Anajua kuvuta tu. Amenivuta mpaka ufukweni, nimepoteza kiatu, watu wametupisha. Nimecheka sana, sijacheka hivyo tangu niachwe na baba yake Aqqalu.

Sasa nikuambie na jingine, ulikasirikie ukitaka. Nasikia unamlilia huyu mbwa, na kijiji kizima kinakupa pole. Mimi niko huku miaka kumi na tano. Nimekutumia tiketi, ukairudisha. Ukasema hukai kwenye nyumba zilizopandishwa juu ya nyingine kama makreti ya samaki. Sawa. Lakini nimemkuta mbwa wako kibarazani anatazama kaskazini, nikakaa naye, nikamwambia, "Wewe angalau unatafutwa."

Binti yako,
Regine


Kangerlunnguaq, 14 Mei 2005

Aqqalu,

Barua yako na ya mama yako zimekuja na helikopta moja. Ya mama yako nitaijibu mwenyewe, namna yangu, na haikuhusu.

Wewe sasa. Nimekukasirikia. Si kwa kuvuka mstari! Unadhani ningekuwa mimi nyuma ya miamba ile ningefyatua? Nimewapiga mbwa wengi risasi maishani mwangu, wazee, wagonjwa, waliovunjika, na kila mmoja nimempiga mwenyewe kwa sababu kazi hiyo mtu hamtupii mtu mwingine. Lakini huyo akinielekezea pua kule sleji inakotazama... Usiniulize. Sijui. Nimekukasirikia kwa kikombe kimoja. Kikombe kimoja! Mbwa amekuepusha na maji, amekupitisha penye mawe, amekupa jina, wewe unashindwa kufungua mafundo mawili kifuani mwake kabla hujaenda kula keki? Babu yako aliwavua mbwa wake mikanda siku mama yako anazaliwa. Nilikuwa napiga kelele ndani, nikasikia nje anawavua mmoja mmoja, ndipo akaingia. Nilimtukana. Hakukosea.

Na umenidanganya mwezi mzima, ukanifanya mjinga mbele ya redio yangu mwenyewe.

Sasa sikiliza vituko vya hapa. Zakarias amekuja, amevua kofia, amekunywa kahawa yangu vikombe vitatu. Kisha anasema, "Eqilana, meli ya kwanza ikija, mimi siku hiyo nitakuwa natazama mawingu." Nikamwuliza mawingu gani. Akasema, "Yoyote yatakayokuwepo." Enok naye amekuja. Huyo aliyepigiwa mbwa wake risasi na sheria! Ananiambia, "Mama, mbwa ni mbwa, nani atajua alikuwa wapi? Sisi wote tutanyamaza." Mwenye duka naye. Mke wa mchungaji naye, fikiria, akiwa na kitabu mkononi!

Nimewafukuza. Wote. Nimewafukuza kwa mwiko.

Wao ni vijana. Enok alikuwa hajazaliwa majira yale mbwa mmoja alipoletwa hapa kutoka kusini, mbwa mzuri, amenyooka, mtu alimpenda akamficha kwenye boti. Alikohoa siku mbili. Kisha mbwa wetu wa kwanza akaanza kutetemeka taya, na wa pili, na Krismasi ilipofika kijiji hiki kilikuwa kimya. Unajua kimya cha mahali pasipo na mbwa? Asubuhi unaamka unadhani umekuwa kiziwi. Babu yako alijifunga kamba kifuani mwake akavuta sleji mwenyewe mpaka ukingo wa barafu, mimi nasukuma nyuma na mama yako mgongoni. Tulikula tulichoweza kuvuta, na mtu havuti mbali. Mama mzaa babu yako alikufa majira yale, na si kwa ugonjwa. Wawili tu walibaki hai, na kutoka kwa hao wawili ndio hawa wote unaowasikia wakilia ninapoandika.

Taateraaq amelala hospitali ya mbwa wa mjini, pua kwa pua na mbwa wa kila nchi. Akiwa na kitu ndani yake, nani atakiona? Zakarias na mawingu yake?

Mimi ndiye niliyemkataza nesi yule wa kwanza asimshushe kijibwa chake chenye miguu mifupi, mtoto wa watu alilia ufukweni mpaka meli ikaondoka. Leo mbwa ni wangu, mstari uhame?

Basi asiletwe. Nimesema. Na roho yangu imepasuka vipande, na nimekasirikia mstari, na mstari hauna masikio ya kuvuta, kwa hiyo nakuvuta yako.

Eqilana


Sisimiut, 29 Mei 2005

Bibi,

Barua yako haijafika, ukungu umezuia ndege wiki nzima, na siwezi kungoja. Nimezungumza na Filemon. Nimezungumza na Zakarias kwa simu, hakusema ndiyo wala hapana, aliniambia tu habari za mawingu. Meli imeondoka Nuuk jana. Taateraaq yumo, ndani ya sanduku, nyuma ya viazi.

Nimekosa mara moja kwa kutokufanya kitu. Sitakosa tena. Utamwona, Bibi. Nenda tu ufukweni siku ya meli ya kwanza.

Mama hakutaka. Alilia. Sikuelewa anamlilia nani.

Mumeo mdogo,
Aqqalu


Ndani ya meli, 16 Juni 2005

Aqqalu, mume wangu, mpumbavu wangu,

Barua hii naiacha bandari ya Aasiaat ikufikie kwa ndege. Meli hii haiingii Sisimiut safari hii, na ni heri yako.

Barua yako nilipewa ufukweni, dakika ile ile meli inatia nanga. Unajua siku ya meli ya kwanza ilivyo. Bunduki zinapigwa hewani, watoto wako majini mpaka viunoni, kila mtu anasubiri machungwa. Boti la mizigo likaja na unga, mafuta, kitanda cha mchungaji, na Filemon amekalia sanduku moja, miguu kaining'iniza, anapiga mluzi. Hapo mbwa wangu wakanyanyuka kwenye minyororo yao pale juu. Wote kwa pamoja. Kunuk ndiye aliyeanza. Na sanduku likajibu.

Nikamwuliza, "Filemon, viazi vyako vinalia?"

Akasema, "Bibi Eqilana, ni viazi vya Denmark, vina hamu ya kwao."

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyenitazama. Kijiji kizima, Aqqalu. Zakarias alikuwa amegeuza shingo juu mpaka nikaogopa itavunjika, na siku hiyo hapakuwa na wingu hata moja. Enok alikuwa ameshatandika turubai kwenye mwamba ili sanduku lipite bila watoto kuona. Wananipenda, mbwa hawa! Nilitamani kuwapiga makofi mmoja mmoja.

Nilisema, "Lisishuke."

Filemon akasema, "Mama, tumefika. Futi tatu tu. Nani atasema?"

"Nitasema mimi."

"Utajisema mwenyewe?"

"Nitamwambia Zakarias usoni, na nitasimama hapo mpaka ainue bunduki, na atakayempa bunduki ni mimi. Ndivyo unavyotaka?"

Akashuka kwenye sanduku. Boti linapiga piga mwamba. Ndani ya sanduku alikuwa amenisikia sauti, na kucha zake zilikuwa zinakwaruza mbao. Nilikuwa naona pua yake kwenye ufa. Futi tatu, kweli. Ningenyoosha mkono ningeigusa.

Sikunyoosha mkono. Niliingia kwenye boti.

Mwenye duka akapiga kelele, "Eqilana, unakwenda wapi bila koti!" Nikamwambia avue lake. Akalivua, akanitupia. Ni la kiume na linanuka tumbaku. Nikamwambia Zakarias, "Wewe uliyekuwa unatazama juu, sasa tazama chini, wale mbwa kumi na mmoja utawalisha mpaka mume wangu aje." Akasema, "Ndiyo, mama." Nikamwambia Filemon ageuze boti.

Nahodha alitaka kunieleza habari za abiria na tiketi. Nimemweleza mimi habari za viazi vinavyolia. Amenipa chumba chake.

Nimelifungua sanduku kwenye sitaha. Alitoka, akasimama, akaninusa mikono, akaninusa koti la mwenye duka akapiga chafya, kisha akaniingiza kichwa kwapani kama alipokuwa anatoshea kwenye buti ya babu yako. Nimemgusa mshono. Huyo daktari anajua kushona. Nitamwambia mama yako amfikishie.

Sasa wewe. Acha hiyo karakana. Panda meli inayofuata na mbwa wako, wote ni wa upande huu wa mstari, hawana kosa. Nyumba haijafungwa. Kunuk anakula wa kwanza, na akikuonyesha meno ujue anakutania. Yule kijike mwenye sikio moja jeupe ni dada yake Taateraaq kwa baba. Akifika majira ya baridi mzalishe, nimemchunguza miguu, anafaa. Damu haijaisha. Usiwalishe kwa hasira, wanaisikia kwenye samaki. Ukiwa na neno la kuomba msamaha, wavue mikanda yao kwanza, ndipo uniandikie.

Mimi nakwenda kwa mama yako. Sijui ni kwa muda gani. Nikimwacha huyu mikononi mwenu mtamfungia tena sandukuni kwa mapenzi, kwa hiyo nitakaa naye mwenyewe, ghorofa ya tatu, kama kreti la samaki. Huyo jirani wa chini mwenye adabu ajiandae, maana sasa tutakuwa wawili. Mama yako hajui kwamba nakuja. Usimwambie. Nataka kugonga mlango nione uso wake.

Tulipong'oa nanga mbwa walilia, kumi na mmoja, na wa jirani wakaitikia, mpaka mlima wenyewe ulikuwa unalia. Taateraaq alijibu mara moja tu. Kisha akaenda mbele kabisa ya meli, akakaa, masikio yamesimama, anatazama njia, kama anavyofanya siku zote. Hakugeuka. Mimi ndiye niliyegeuka, Aqqalu, nikashika chuma cha meli, nikawatazama mpaka sikuona tena nani ni nani.

Bibi yako,
Eqilana